Laptopu yenye VRAM ya GB 12 au GB 8: nyongeza hiyo ina faida kweli?

Kipepeo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Naomba ushauri kabla sijatoa hela, maana nikishanunua hii sitanunua nyingine karibuni. Mimi natengeneza katuni fupi za hadithi za watoto. Nachonga wahusika na kurenda (kuzalisha picha za mwisho) kwenye Blender, kisha naunganisha vipande, sauti na rangi kwenye DaVinci Resolve. Laptopu niliyonayo ina kadi ya grafiki (GPU) ya GTX 1650 yenye VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe, ya GB 4, na RAM ya GB 8. Imenifikisha mbali na naishukuru, lakini sasa imeelemewa. Nikiweka wahusika wawili kwenye uwanja wenye miti, Blender inaanza kurenda, inafika mahali inasimama na kuniambia kumbukumbu ya GPU imekwisha. Kwenye Resolve nako, nikileta video ya 4K na kuipa madoido mawili matatu, naambiwa hayohayo.

Nimepata mashine mbili ambazo bei zake zimelingana kabisa.

Ya kwanza ina RTX 5070, VRAM GB 8, RAM GB 32, SSD ya TB 1.

Ya pili ina RTX 5070 Ti, VRAM GB 12, RAM GB 16, SSD ya GB 512.

Yaani zile GB 4 za VRAM zinazozidi nazilipia kwa kupoteza nusu ya RAM na nusu ya diski. Rafiki yangu mcheza gemu anasema siku hizi VRAM ndiyo kila kitu. Aliyenifundisha uhariri anasema hiyo ni namba ya kuuzia tu, niangalie RAM. Wote nawaamini kwenye mambo yao, na mimi nimebaki njia panda.

Maswali yangu ni haya: VRAM nyingi inaongeza kasi ya kurenda? Nikichukua ya GB 8, naweza kuja kuongeza baadaye kama watu wanavyoongeza RAM? Na nitajuaje kazi yangu mimi inahitaji kiasi gani, badala ya kufuata kazi za watu wengine?

---

Mpenda_Gemu

Chukua ya GB 12 wala usisite. Mimi nina RTX 4060 ya laptopu, GB 8. Gemu nyingi zinakwenda vizuri sana, lakini hizi mpya nikiweka tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) ngazi ya juu kabisa naona kitu cha ajabu: wastani wa fremu unasoma vizuri, ila nikigeuza kona picha inakwama kidogo, halafu inaendelea. Wakati mwingine ukuta ulio mbele yangu unabaki na ukungu kama picha iliyopigwa vibaya, sekunde kadhaa ndipo unakuwa safi. Nikishusha tekscha ngazi moja tu, kukwama kote kunakwisha, na wastani wa fremu unabaki palepale. Hapo nilielewa kwamba chipu yangu ina nguvu ya kutosha, kilichokosekana ni nafasi.

PS5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020, kila moja ikiwa na GB 16 za kumbukumbu inayotumika kwa pamoja. Wanaotengeneza gemu wamekwisha zoea upana huo.

---

Fundi_Waya

Marahaba, mdogo wangu Kipepeo. Umeuliza vizuri, hasa hilo swali la tatu, kwa sababu wengi huishia kwenye la kwanza. Nitaandika kwa urefu kidogo. Kazi yangu ni kufungua laptopu, na jambo hili naona watu wakiumia nalo kila mara: ama wamelipia namba ambayo hawataitumia, ama wamebana matumizi mahali ambapo hapana pa kurekebisha baadaye.

Kwanza kasi. VRAM yenyewe haiongezi kasi. Ghala kubwa halimfanyi mbeba mizigo atembee haraka. Kama kazi yako inahitaji GB 5, ukaiweka kwenye kadi mbili zenye chipu moja, moja ya GB 8 na nyingine ya GB 12, zitamaliza pamoja. Zile GB 7 zilizobaki wazi hazikufanyii lolote.

Tofauti inaanza pale kazi inapozidi nafasi. Ikizidi, kadi inaazima RAM ya kawaida ya mashine, na hapo ndipo penye maumivu. Chukua hiyo GTX 1650 yako. Yale matoleo yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 husoma VRAM yake kwa kasi ya GB 128 kwa sekunde. Lakini njia inayounganisha GPU na RAM ya mashine, PCIe 3.0 yenye mikondo 16, inapitisha karibu GB 16 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kipande cha kazi kilichosukumwa nje kinafuatwa kwa kasi ya moja ya nane. Mashine haifi papo hapo, inaburuta. RAM nayo ikijaa, ndipo Blender inasimama na ule ujumbe wako. Yale ya Mpenda_Gemu ndiyo haya haya: wastani mzuri, kukwama pale tekscha inapokwenda kuchukuliwa nje.

Mwalimu wako wa uhariri hajasema jambo la ovyo. Kuna miaka namba ya VRAM ilitumika kuuzia kweli. Mwaka 2015 zilitoka GeForce 940M na GTX 960M. Ile 940M ilikuwa chipu ndogo ya kori (vitengo vya kukokotoa) 384, ikitumia kumbukumbu ya DDR3 kwenye njia ya biti 64, kasi yake ya kumbukumbu haikufika hata GB 20 kwa sekunde. 960M ilikuwa na kori 640 na GDDR5 kwenye njia ya biti 128, GB 80 kwa sekunde. Sasa kulikuwa na laptopu za 940M zenye stika ya GB 4, na za 960M zenye GB 2. Mnunuzi akiangalia stika tu, anaondoka na ile iliyo dhaifu. GB 4 kwenye chipu ile hazikuwa na kazi, kwa sababu kabla hujazijaza, chipu yenyewe ilikuwa imekwisha choka. Aliyeumia wakati ule akabaki na somo kwamba VRAM ni danganya toto. Somo hilo lilikuwa kweli kwa mashine zile. Kwa mashine ulizotaja wewe mambo yamegeuka: chipu ni kali mno, na nafasi ndiyo imebaki nyuma.

Swali lako la pili, la kuongeza baadaye. Hapana. Nikiondoa feni na zile bomba za shaba za kupoza kwenye laptopu ya aina hii, katikati kuna kipande kinachong'aa kama kioo, hiyo ndiyo GPU. Pembeni yake, karibu kabisa, kuna vipande vyeusi vya mraba vimepangwa kuizunguka. Hivyo ndivyo VRAM. Vimelehemiwa kwenye ubao kwa vitone vya lehemu visivyoonekana, viko chini ya chipu yenyewe. Hakuna sloti, hakuna klipu. Ukivihesabu unapata jibu la mambo mengi: kila kimoja kinashika biti 32 za njia, na kwa kawaida kina GB 2. RTX 4050 ya laptopu ina vitatu, biti 96, GB 6. RTX 4060 na 4070 zina vinne, biti 128, GB 8. RTX 4080 vina sita, biti 192, GB 12. RTX 4090 vinane, biti 256, GB 16. Ndiyo maana ukubwa unaruka hivyo, na ndiyo maana huwezi kumwambia mtengenezaji akuongezee GB 2 tu. RTX 5090 ya laptopu imefika GB 24 kwa kutumia vipande vilevile vinane, ila kila kimoja kina GB 3.

Ona sasa maana yake kwako. Ukitoka 5070 kwenda 5070 Ti hununui kumbukumbu peke yake. Njia inapanuka toka biti 128 hadi 192, na kori zinatoka 4608 hadi 5888. Kwa hiyo hata siku ambayo kazi yako ni ndogo na inaenea kwenye GB 8, hiyo ya pili bado ina mkono mzito zaidi. Hilo liweke kwenye mizani.

Na tahadhari kwa wengine wanaosoma: majina yanachanganya. RTX 4070 ya laptopu ina GB 8, ya kompyuta ya mezani ina GB 12. RTX 3060 ya laptopu ina GB 6, ya mezani kuna ya GB 12. Ukisoma tathmini ya kadi ya mezani ukadhani umesoma ya laptopu, utanunua kitu kingine kabisa. Na pia wapo wauzaji wanaojumlisha VRAM halisi na ile ya kuazima. Windows huruhusu GPU kuazima hadi karibu nusu ya RAM, basi mashine yenye VRAM ya GB 4 na RAM ya GB 16 unaisikia ikitangazwa kuwa na "GB 12 za grafiki". Ya kuazima siyo VRAM. Uliza ile iliyo ya kadi yenyewe tu.

Kipepeo, swali la tatu unaweza kulijibu wewe mwenyewe leo ukiwa na mashine uliyonayo. Fungua Task Manager kwenye Windows, nenda Performance, bonyeza GPU ile ya NVIDIA. Chini kabisa kuna namba mbili: Dedicated GPU memory, hiyo ndiyo VRAM yako, na Shared GPU memory, hiyo ndiyo ya kuazima. Fungua ile kazi yako nzito yenye miti, anza kurenda, kaa uziangalie namba hizo zinavyopanda. Andika zilipofika kabla ya kusimama. Andika na RAM imefika ngapi. Kisha toa miti, renda tena, andika tena. Leta hapa tuzisome pamoja.

---

Mhariri_Mkongwe

Fundi amefafanua vizuri, ila nataka niseme upande wa pili, kwa sababu naona mnamsukuma binti kwenye GB 12 bila kumwambia anachoacha.

Mimi nahariri video kila siku. Kinachonichelewesha mara nyingi si VRAM. Ni RAM, ni diski, na ni joto. RAM ya GB 16 ukifungua Resolve, ukafungua Blender pembeni, na kivinjari chenye kurasa kumi, imekwisha. SSD ya GB 512 ukitoa Windows na programu, video za 4K zinaijaza haraka sana.

Na joto ndilo watu hawalitazami kabisa. Jina la chipu halikuambii inapewa umeme kiasi gani. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kuwekwa popote kati ya wati 35 na wati 115. Jina lile lile, mashine mbili, moja inaiacha nyingine mbali. Laptopu nyembamba yenye chipu kubwa iliyobanwa inaweza kushindwa na nene yenye chipu ndogo iliyopewa pumzi. Kipepeo, kabla hujahesabu VRAM, tafuta karatasi ya sifa ya kila mashine uone wati za GPU.

Kuhusu Resolve: tengeneza nakala nyepesi za video, fanya kazi kwenye mradi wa 1080, rudi 4K wakati wa kutoa tu. Ule ujumbe utaupunguza sana hata kwenye mashine ya zamani.

---

Kipepeo

Asanteni sana jamani. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza, na nimejifunza kitu ambacho sikuwahi kukiona ingawa kilikuwa mbele ya macho yangu.

Kazi yenye wahusika wawili na miti yote: VRAM ilipanda haraka hadi 3.7 kati ya 4.0, ikatulia hapo. Kisha ile ya kuazima ikaanza kupanda, polepole, hadi 3.4 kati ya 3.9. RAM ya mashine ilikuwa 7.6 kati ya 7.9, na panya akawa anatembea kwa kukatakata. Hapo ikasimama na kutoa ujumbe.

Kazi hiyohiyo bila miti: VRAM 3.1, ya kuazima 0.1, RAM 5.8. Fremu moja ilichukua kama dakika mbili.

Nikarudisha nusu ya miti: VRAM 3.7, ya kuazima 1.6. Haikusimama, lakini fremu moja ikawa dakika kumi na moja! Miti yenyewe si mingi kihivyo. Kumbe ndiko kuburuta alikosema fundi.

Naomba mnisaidie kuzisoma. Na fundi, kwa nini miti michache ile kubwa hivyo wakati skrini yangu ni ya 1080 tu?

---

Msomaji_Kimya

Samahani kudandia uzi. Mimi sichori wala sihariri. Nataka laptopu ya kuendeshea mifumo ya lugha, hii AI ya maandishi, ndani ya mashine yangu bila intaneti. Ushauri ni uleule? Na mke wangu yeye anahitaji ya kuandikia nyaraka na kutazama video, je, VRAM inamhusu?

---

Fundi_Waya

Kipepeo, umefanya kazi nzuri, namba zako zinasomeka zenyewe. Nianze na la skrini kwa sababu ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Skrini haili VRAM nyingi. Picha moja ya 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 4, ni kama MB 8. Hata 4K ni MB 33. Kinachokula ni vitu unavyoviweka ndani ya mandhari. Tekscha moja ya 4096 kwa 4096, yenye rangi na uwazi, baiti 4 kila pikseli, ni MB 64 ikishafunguliwa kwenye kumbukumbu. Usidanganywe na faili lake la JPG kuwa MB 5 kwenye diski, Cycles, injini ya kurenda ya Blender, inalifungua lote. Gome la mti lina tekscha ya rangi, ya mikwaruzo, ya mng'ao, majani nayo yana zake. Ukipakua miti ya aina tano, kila aina ina tekscha nne au sita za ukubwa huo, umeshatumia zaidi ya GB 1 kabla hujaweka mhusika hata mmoja. Ongeza maumbo ya majani yenyewe, ambayo kila moja lina pembe zake. Mti uliousimamisha nyuma kabisa, unaoonekana kama kidole kwenye picha, umebeba tekscha ya kutosha kujaza ukuta.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jaribu haya kwenye mashine hiyohiyo. Nenda Render Properties, washa Simplify, weka Texture Limit 2048. Tekscha ya 2048 inakula robo ya ile ya 4096, MB 16 badala ya 64, na kwa video ya 1080 jicho halitaona tofauti isipokuwa kwa kitu kilicho karibu sana na kamera. Miti inayofanana usiinakili kwa Shift na D, tumia Alt na D ili zote zitumie umbo moja. Na wakati wa kurenda usiache dirisha la kazi likiwa kwenye muonekano wa kurenda, maana hapo unaweza kuwa unabeba mandhari mara mbili kwenye GPU. Lirudishe kwenye muonekano wa kawaida. Nakuhakikishia utaona ile namba ya kuazima ikishuka.

Resolve ina hesabu nyingine. Inafanya kazi kwa namba za desimali za biti 32 kwa kila rangi na kwa uwazi, basi fremu moja ya 4K inakuwa karibu MB 133. Doido linalotazama fremu tano kwa mpigo linashika MB 660 kwa fremu hizo pekee. Ndiyo maana ushauri wa Mhariri_Mkongwe wa kufanyia kazi kwenye 1080 unasaidia mno: fremu inashuka hadi robo.

Sasa namba zako. 3.7 na 3.4 ni 7.1, na wakati huo kazi ilikuwa bado inapakiwa, haijamaliza. Mahitaji yake kamili yamepita hapo. Kwenye kadi ya GB 8, ukitoa kidogo kinachochukuliwa na Windows na Blender yenyewe, kazi hii ingekaa ukingoni kabisa. Na hii ni kazi ya leo, ya wahusika wawili. Anayetengeneza katuni huwa harudi nyuma, kesho utataka soko lenye watu. Kwa hiyo kwako wewe, si kwa kila mtu, GB 12 zina thamani, na ninasema hivyo kwa sababu ya namba ulizoleta.

Lakini hapa namuunga mkono Mhariri_Mkongwe kwa nguvu zote: angalia na RAM yako ilivyofika 7.6. Blender inapanga mandhari kwenye RAM kwanza, ndipo inapeleka kwenye GPU. VRAM ya GB 12 yenye RAM iliyobanwa itakusimamisha kwa mlango mwingine. GB 16 zitakuvusha kwa sasa, hazitakuvusha ukikua. Basi uamuzi wote unasimama kwenye kitu kimoja ambacho hujatuambia: RAM ya hiyo mashine ya pili iko kwenye sloti au imelehemiwa?

Kama iko kwenye sloti, chukua 5070 Ti. RAM utaongeza ukipata nafasi, diski vilevile, laptopu nyingi za aina hii zina sloti ya pili ya M.2, ile ya kuchomeka SSD. VRAM haiongezeki kamwe. Kama imelehemiwa na haizidi GB 16 milele, basi chukua ile ya kwanza yenye GB 32, na uwe mtu wa kupima tekscha zako. Nimeona watu wakiishi vizuri na GB 8 kwa nidhamu hiyo. Sijaona anayeishi vizuri na RAM iliyojaa.

Mwombe muuzaji aiwashe, afungue Task Manager, Performance, kisha Memory. Kama pameandikwa SODIMM, ni ya sloti, na patasema sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Kama pameandikwa Row of chips, imelehemiwa. Na uulize wati za GPU za mashine zote mbili, ushauri ule usiupuuze.

Msomaji_Kimya, kwako jibu ni fupi na ni kali zaidi. Mifumo ya lugha inataka VRAM kuliko kitu kingine chochote. Hesabu ni rahisi: mfumo wenye vigezo (namba za ndani zinazouendesha) bilioni 8 ukihifadhiwa kwa biti 16 ni GB 16. Ukibanwa hadi biti 4 unakuwa GB 4 na ushee, unaingia kwenye kadi ya GB 8 vizuri. Wa bilioni 14 kwa biti 4 ni GB 7 peke yake, na mazungumzo yenyewe yanataka nafasi yake juu ya hapo, kwa hiyo GB 8 hazitoshi lakini GB 12 zinatosha. Ukivuka ukamwagikia kwenye RAM, maneno yanatoka kwa kudondoka. Fikiria pia kompyuta za Apple tangu M1 ya mwaka 2020: GPU na prosesa zinatumia kumbukumbu moja, kwa hiyo RAM kubwa pale inahesabika kwa kazi hii. Ila nayo imefungwa humo humo, unachonunua ndicho utakachokufa nacho.

Shemeji yetu wa nyaraka na video asilipie kadi ya grafiki kabisa. Ile iliyo ndani ya prosesa inamtosha, hela aiweke kwenye RAM na skrini nzuri.

---

Kipepeo

Nimerudi. Simplify imefanya kazi! Texture Limit 2048, miti nimeipanga upya kwa Alt na D, na ile kazi iliyokuwa inasimama imerenda mpaka mwisho. Ya kuazima ilifika 0.9 tu. Fremu ni kama dakika tatu. Nimeangalia picha mbili ubavu kwa ubavu, tofauti niliiona kwenye shati la mhusika aliye karibu na kamera, kwingine sikuiona.

Muuzaji ametuma picha. Mashine ya pili: SODIMM, sloti 1 kati ya 2. Wati za GPU kwenye karatasi yake ni 115, za ile ya kwanza ni 85. Nimeshamwambia anishikie ya pili.

Fundi, swali la mwisho: RAM ya kuongeza ninunue ya aina gani, na ni lazima nifanye siku hiyohiyo?

---

Fundi_Waya

Wati 115 dhidi ya 85, hapo hata Mhariri_Mkongwe atakuwa upande wako.

Siyo lazima siku hiyohiyo. Anza nayo ilivyo, fanya kazi zako, uangalie RAM inafika wapi. Ila usiache muda mrefu, kwa sababu kipande kimoja peke yake kinafanya prosesa isome kumbukumbu kwa upana nusu. Ukinunua, chukua SODIMM ya DDR5, GB 16, yenye kasi ileile iliyoandikwa kwenye hicho kilichomo. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, na kabla ya kugusa ndani tenganisha waya wa betri kwenye ubao. Kipande kinaingia kwa mshazari, unakisukuma mpaka meno ya dhahabu yazame, ndipo unakilaza mpaka klipu za pembeni zilie. Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika moja au zaidi, mashine inaipima RAM mpya. Usiizime, isubiri.

Na ile Texture Limit iache ikiwa imewashwa hata kwenye mashine mpya, ila ongeza hadi 4096 kwa matukio ya karibu na kamera, lile shati lirudi kuwa safi.